Umeme wa jua kwenye kempa ya pikapu: jinsi ya kuupanga kabla ya kununua chochote

Wengi huuanza mradi huu mkiani. Mtu anakutana na paneli mbili za wati 200 kwa bei nzuri, anazibeba, halafu ndipo anaanza kuuliza ni betri gani itafaa, waya uwe na unene gani, na paneli zenyewe zitakaa wapi juu ya paa ambalo tayari lina feni, kiyoyozi na antena. Kwenye nyumba ya kawaida unaweza kupona na utaratibu huo, kwa kuwa paa ni kubwa na msingi haulalamiki uzito. Kempa ya pikapu, yaani kijumba kinachopakiwa kwenye bodi la gari, haikusamehi. Paa ni finyu, gari lina kikomo cha kilo, na kila unachokifunga juu kinaongeza kuyumba kwenye kona.

Kwa hiyo paneli zinakuja baadaye kabisa. Karatasi na kalamu ndizo zinazotangulia.

1. Orodhesha kila kinachokula umeme

Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa nyuma yake au kwenye chaja. Ukikuta volti na ampea tu, zizidishe, jibu ni wati. Kisha zidisha wati kwa saa ambazo kifaa kinatumika kwa siku, upate wati-saa. Hicho ndicho kipimo tutakachotembea nacho hadi mwisho.

Tuchukue mfano wa watu wawili wanaosafiri na kulala humo:

- Friji ya kompresa ya volti 12, wati 50 inaponguruma, asilimia 40 ya siku nzima: wati-saa 480
- Feni ya paa, wati 25 kwa saa 8: wati-saa 200
- Laptopu, wati 50 kwa saa 3: wati-saa 150
- Taa za LED, jumla wati 12 kwa saa 4: kama wati-saa 50
- Simu mbili: wati-saa 30
- Pampu ya maji, wati 60 kwa robo saa: wati-saa 15

Jumla ni 925. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya umeme unaopotea kwenye waya, kwenye chaja na ndani ya betri yenyewe, unafika kwenye 1,100 hivi kwa siku.

Angalia friji: peke yake imechukua zaidi ya nusu ya vifaa vyote. Na ile asilimia 40 si ahadi. Siku ya joto kali, mlango ukifunguliwa kila mara na vinywaji vya moto vikiingizwa, kompresa inaweza kufanya kazi zaidi ya nusu ya siku. Ndiyo maana njia rahisi ya "kuongeza sola" ni kuihudumia friji: ipe nafasi ya kupumua nyuma, isikae upande unaopigwa na jua la mchana, na vinywaji vipoe kwanza usiku nje kabla ya kuingia. Kuna pia zile friji zinazotumia gesi, ambazo zina sehemu ya kuchomekwa kwenye volti 12. Hizo hula wati 100 na zaidi bila kupumzika. Zifaidi kwa gesi. Hesabu ya jua haziiwezi.

Birika la umeme huogopwa kuliko linavyostahili. Wati 1,000 kwa dakika 6 ni wati-saa 100 tu, pungufu ya laptopu katika mfano wetu. Tatizo lake ni mkondo: kwenye volti 12, wati 1,000 ni karibu ampea 100 zinazopita kwenye waya, na hilo linabadilisha unene wa kila kitu kati ya betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Kiyoyozi ndicho adui wa kweli. Wati 600 kwa saa 8 ni wati-saa 4,800, mara nne ya matumizi yote ya hao watu wawili. Anayetaka kulala na kiyoyozi kinachoendeshwa na paa la kempa ya pikapu anatafuta paa la basi.

Kuna mlaji mmoja asiyeonekana kwenye orodha nyingi, naye ni inveta yenyewe. Inveta iliyowashwa bila kifaa chochote hula wati 10 hadi 20. Chukua wati 12 kwa saa 24: wati-saa 288, karibu robo ya bajeti yetu, kwa kazi ya kuwasha kitaa cha kijani. Laptopu na simu zichajiwe moja kwa moja kutoka volti 12 kwa chaja za gari au za USB, na inveta iwe na swichi inayofikika kwa mkono ukiwa umelala.

2. Betri

Amua unataka kukaa siku ngapi bila jua la maana. Kwa anayehama kila baada ya siku moja au mbili, siku mbili zinatosha, kwa kuwa injini nayo itasaidia. Basi tunahitaji 1,100 mara mbili, wati-saa 2,200.

Betri za asidi, ziwe za kuongezwa maji au AGM (zilizofungwa, zisizoongezwa maji), hazipendi kushushwa chini ya nusu. Kupata 2,200 za kutumia inabidi ubebe 4,400, ambazo kwenye volti 12 ni ampea-saa 367. Hizo ni betri nne za ampea-saa 100, na moja ya AGM ina uzito wa takribani kilo 30. Kilo 120 za betri!

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ina volti 12.8, hivyo ampea-saa 200 ni wati-saa 2,560. Ukitumia asilimia 80 hadi 85 unakaribia sana zile 2,200, kwa uzito wa kilo 25 hivi. Kwenye kempa inayosimama nyumbani mwaka mzima ningekubali mjadala wa bei. Kwenye bodi la pikapu, tofauti ya kilo 95 inamaliza mjadala. Ni maji ya kunywa na kuoga ya siku kadhaa unayoweza kubeba badala yake.

Lithiamu ina masharti yake, hata hivyo. Haichajiwi ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0. Ukilazimisha, inaharibika ndani bila kukuonyesha. Nunua yenye BMS, ule ubongo wa betri, unaokata chaji kwenye baridi, na uiweke ndani ya kempa unapolala, sio kwenye sanduku la nje. Kamwe usiweke betri ya aina yoyote kwenye kabati la mtungi wa gesi. Na kama umebaki na betri za asidi za kuongezwa maji, zinatoa hidrojeni zikichajiwa, kwa hiyo sanduku lake lazima lifungwe kwa upande wa ndani na litoe hewa nje.

Iweke chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma kama nafasi inaruhusu, na ifungwe kwa mkanda na vyuma. Betri ya kilo 25 inayoruka gari likifunga breki ghafla ni silaha.

3. Pima paa, kisha pima gari

Kata maboksi ya karatasi ngumu yenye vipimo halisi vya paneli unazozifikiria. Paneli ya wati 100 huwa na urefu wa mita 1 na kitu na upana wa zaidi kidogo ya nusu mita. Panda juu, yapange, na uyaache hapo siku nzima ya jua. Rudi saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri uone kivuli cha kiyoyozi, cha kifuniko cha feni na cha antena kinaangukia wapi. Kazi hii ya maboksi inakuonyesha mambo ambayo mchoro wa kompyuta hauonyeshi, pamoja na mahali ambapo mguu wako utakanyaga siku ya kusafisha.

Kama paa la kempa yako ni la kuinuka, tafuta kwenye kitabu chake linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Vishikizo vya gesi vinavyolisaidia kupanda vilipimwa kwa paa tupu. Ukiongeza paneli mbili za vioo utalisukuma kwa mabega kila jioni.

Upande wa gari, magari mengi yana kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa kubebwa. Humo ndani wamo abiria, maji, chakula, gesi na kempa yenyewe. Peleka gari likiwa limejaa kama la safari kwenye mizani ya magari kabla ya kununua chochote. Wapo wanaogundua hapo kwamba kilo zilikwisha zamani.

4. Paneli

Paneli hupimwa kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa mambo si hayo. "Saa za jua kamili" za siku ni jumla ya mwanga wote wa siku ukigeuzwa kuwa saa za mwanga wa kiwango hicho. Mahali penye jua zuri hupata 4 hadi 6. Mbali na ikweta wakati wa baridi zinaweza kushuka hadi 2 au chini. Kisha ondoa asilimia 30 kwa paneli kulala bapa, kwa vumbi, kwa joto na kwa hasara nyingine.

Kwa saa 4.5: 1,100 gawanya kwa 4.5, gawanya tena kwa 0.7. Inatoka karibu wati 350. Weka 400, na siku ya kawaida utapata kama wati-saa 1,260. Paneli hizohizo kwa saa 2 za jua zinakupa 560, nusu ya mahitaji. Hapo hakuna ujanja wa paa. Ama unaendesha gari, ama unapunguza matumizi.

Joto linastahili neno moja zaidi. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyofika nyuzi 65 imepoteza kama asilimia 14. Kwa sababu hiyo acha nafasi ya sentimita 2 au 3 chini yake hewa ipite, na kwa sababu hiyohiyo sizipendi zile nyembamba za kugundishwa moja kwa moja kwenye paa. Ni nyepesi, ndiyo, na kwenye paa la kuinuka huenda huna budi. Lakini hupata joto zaidi na huchoka mapema kuliko za kioo.

Watu wanaopenda kuegesha chini ya mti wafikirie kugawa: wati 200 juu ya paa, 200 za kukunja zinazowekwa juani kwa waya wa mita 8 au 10. Gari linabaki kwenye kivuli, friji inapumua, na paneli ya chini unaielekeza jua linakoenda. Gharama yake ni usumbufu wa kuitoa, na kuhakikisha haitembei na mtu mwingine usiku.

Ukifika kwenye kutoboa paa, toboa palipo na mbao au fremu chini. Tumia mpira wa kuziba uliotengenezwa kwa paa za kempa au wa poliyurethani. Silikoni ya kawaida iache: ikipasuka, hakuna kitu kipya kitakachoshika juu yake. Kila baada ya miezi 6 panda ukague, kwa maana maji yanayopita kwenye tundu moja la skrubu huozesha mbao kwa muda mrefu kabla ya doa kuonekana darini.

5. Kontrola ya chaji, na namna ya kuunganisha paneli

Kontrola hukaa kati ya paneli na betri na kudhibiti chaji. Kuna aina mbili, PWM na MPPT. Ya kwanza inaishusha paneli hadi volti za betri na kuiacha nguvu ya ziada ipotee. Ya pili inaigeuza ziada hiyo kuwa ampea. Kwa wati 400 chukua MPPT. Ukubwa: 400 gawanya kwa 13, ni ampea 31. Ya ampea 30 inatosha, kwani dakika ambazo paneli zitatoa wati 400 kamili ni chache, na zikitoa, kontrola itajizuia yenyewe.

Kikomo cha volti hakisamehi namna hiyo. Tuseme una paneli nne za wati 100, kila moja ikiwa na volti 22.5 bila mzigo, na kontrola ya mwisho wa volti 100. Ukiziunganisha zote nne kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata 90. Inaonekana salama. Lakini volti za paneli hupanda kukiwa na baridi, takribani asilimia 0.3 kwa kila nyuzi. Asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, tofauti na 25 ni nyuzi 35, ongezeko la asilimia 10.5: volti 99.4. Jua la kwanza likipiga, upo ukingoni, na kontrola iliyozidishiwa volti haitengenezeki. Unganisha mbilimbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili kwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Unapata volti 45, zinazofika 50 kwenye baridi, na kivuli kikiangukia jozi moja, nyingine inaendelea na kazi yake. Mistari miwili ya sambamba kwa kawaida haihitaji fyuzi zake. Ikifika mitatu, kila mmoja unahitaji.

6. Injini nayo ni chaja

Saa mbili za kuendesha gari kwa chaja ya DC kwa DC ya ampea 30, inayochukua umeme wa gari na kuurekebisha ufae betri ya kempa, huingiza karibu wati-saa 800. Hakuna paneli utakayoweka itakayoshindana na hilo siku ya mawingu, na mara nyingi ni nafuu kuliko paneli mbili zaidi.

Usiunganishe lithiamu moja kwa moja na alternata, jenereta inayozungushwa na injini. Betri hiyo hunyonya mkondo wote itakaopewa, na alternata ikiwa kwenye mzunguko wa chini, feni yake ikizunguka taratibu, huungua. Magari mengi mapya pia hushusha volti za alternata ili kuokoa mafuta, na betri ya nyuma haijai. Chaja ya DC kwa DC inatatua yote mawili, na hukata gari likizimwa ili betri ya kuwashia injini isifyonzwe.

Waya mwembamba ulio kwenye plagi ya trela hauwezi kazi hii. Pitisha kebo nene mpya kutoka betri ya mbele, yenye fyuzi kila upande, na plagi ya kuchomoa inayostahimili mkondo mkubwa ukutani mwa bodi. Kempa hushushwa, ukisahau plagi, utaondoka na gari huku kebo ikibaki kwenye kempa.

7. Waya na fyuzi

Hapa ndipo mifumo mingi inapoharibikia, kwa hiyo piga hesabu hii kwa kila waya mrefu. Volti zinazopotea ni 2 mara urefu kwa mita, mara ampea, mara 0.0175, gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba.

Kontrola yako iko mita 3 kutoka kwenye betri na inatoa ampea 30. Kwa waya wa milimita 4: 2 × 3 × 30 × 0.0175 ÷ 4, ni volti 0.79. Kontrola itadhani betri imefika 14.4 wakati ina 13.6, itapunguza chaji, na wewe utalaumu paneli. Kwa waya wa milimita 10, hasara ni volti 0.32. Ukiisogeza kontrola hadi mita 1 kutoka kwenye betri, hata milimita 6 inakupa hasara ya 0.18. Kusogeza kifaa ni bure. Shaba si bure. Waya mrefu uwe ule wa kutoka paani, wenye volti nyingi na ampea chache.

Inveta ya wati 1,000 huvuta karibu ampea 98 ikiwa na mzigo kamili. Ipe kebo ya milimita 35, fupi iwezekanavyo, na fyuzi ya ampea 125.

Fyuzi inalinda waya, sio kifaa. Kwa hiyo hukaa mwanzoni mwa waya, karibu kabisa na chanya ya betri, na thamani yake isizidi kile ambacho waya unabeba. Lithiamu ikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea papo hapo. Fyuzi kuu iwe ya aina iliyothibitishwa kukata mkondo wa namna hiyo, kama Class T. Fyuzi hafifu huweza kuyeyuka na moto ukaendelea kupita katikati yake.

Weka shunti, kipimo cha umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, kwenye hasi ya betri, na hasi zote nyingine zipite upande wake wa pili, bila hata moja kuruka. Utaihitaji, maana volti za lithiamu hazisemi kitu: ikiwa imejaa robo tatu au chini ya nusu, zote husomeka 13.2 au 13.3.

8. Kuwasha kwa mara ya kwanza

Funika paneli kwa blanketi zito. Zina volti wakati wowote kukiwa na mwanga. Pima kila waya kwa multimita uhakikishe chanya na hasi. Unganisha betri kwenye kontrola kwanza, ichague aina ya betri, kisha paneli. Kuondoa ni kinyume chake: paneli zitoke kwanza. Viunganishi vya MC4, vile vya waya za paneli, visichomolewe mkondo ukipita, vinatoa cheche.

Kwa lithiamu, chaji kuu huwa volti 14.2 hadi 14.4 na ya kushikilia karibu 13.5, karatasi ya mtengenezaji wa betri yako ndiyo yenye neno la mwisho. Zima ile chaji ya kusawazisha ya betri za asidi, na marekebisho ya volti kwa joto.

Halafu lala humo usiku mmoja ukiwa bado umeegesha nyumbani, friji na feni zikiwa kazini. Asubuhi soma shunti, linganisha na karatasi yako ya hatua ya kwanza. Washa inveta na mzigo mkubwa kuliko wote kwa dakika 10, uzime, kisha pitisha kiganja karibu na kila kichwa cha waya na kila fyuzi. Palipo na joto kuliko kwingine, kichwa hakikubanwa vizuri au nati imelegea. Kagua tena mahali hapohapo baada ya barabara ya kwanza mbovu, betri ikiwa imezimwa.